Kuchagua Kishikwambi cha Kutazamia Filamu Safarini

Kwa kuwa shughuli zangu hunilazimu kusafiri mara kwa mara kwa basi baina ya Dar es Salaam na Mbeya, mwendo unaozidi kilomita 800, nimepata wasaa wa kutosha kupambanua ni kishikwambi cha namna gani kimfaacho msafiri apendaye filamu. Na yakini niliyoifikia ni kwamba chombo hiki sharti kipimwe kwa dhiki za njiani, wala si kwa raha za dukani, ambako umeme upo, mtandao haupotei, na jua halipigi kiooni.

La kwanza ni umbo la kioo. Maadamu video nyingi za zama hizi ni za uwiano wa 16 kwa 9, kioo cha 4 kwa 3, kama kilivyokuwa cha iPad ya mwanzo ya mwaka 2010, huacha robo nzima ya eneo lake kuwa weusi mtupu juu na chini, ilhali kioo cha 16 kwa 10 hupoteza sehemu moja tu katika kumi. Ama kwa ukubwa, pimeni pia uzito: Galaxy Tab A9 ina gramu 332, na nduguye mkubwa A9+, mwenye kioo cha inchi 11, ana gramu 480, tofauti ambayo mezani haihisiwi, lakini mkono ulioshika kifaa tangu Chalinze hadi Iringa huitambua barabara. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji ruhusa mkipeleke mlangoni penye jua, mkiinamishe huku na huku, mwone kama picha ingali dhahiri.

La pili, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni hifadhi. Baina ya mji na mji mtandao hukatika, na bando huteketea upesi. Kwa hiyo filamu hazina budi kupakuliwa kabla ya safari, na moja ya saa mbili, ikiwa ya ubora mzuri, huweza kuchukua gigabaiti mbili au zaidi. Chagueni kifaa chenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, tena, kikiwa cha Android, chenye idhini ya Widevine, yaani kinga ya hakimiliki za video, ya daraja la L1, kwani pasipo idhini hiyo Netflix haitoi picha ya HD, hata kioo kiwe bora namna gani.

La tatu ni betri, nayo isipotosha safari nzima, bebeni pawabenki. Ile ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74, nayo yaruhusiwa ndegeni katika mzigo wa mkononi, kwa kuwa mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Msisahau visikizio, kwani abiria wa kando ana haki ya utulivu wake.

Mwenye fedha kidogo asihuzunike kukosa prosesa ya kasi, ambayo filamu haiihitaji sana. Akiba yake aielekeze kwenye kioo, hifadhi na betri. Kisha, usiku wa kuamkia safari, azime mtandao na kufungua kila filamu aliyoipakua, ili ile iliyogoma ipakuliwe upya angali nyumbani.