Maji Yanayolinda Chuma Motoni

Wahunzi wengi huvuvia moto kwa mivukuto au feni, hewa ikipita katika bomba la chuma. Ncha ya bomba hilo hukaa ndani ya makaa, hivyo huungua upesi. Njia moja ya kuilinda ni kuipoza kwa maji. Ndivyo zinavyolindwa pia vali za hewa moto kwenye matanuru makubwa ya kuyeyushia chuma, ambako hewa huzidi nyuzi joto 1,000 za Selsiasi.

Inavyofanya kazi

Ncha huwa na kuta mbili. Nafasi kati yake hujaa maji kutoka tangi lililo nyuma ya tanuru. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda tangini, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Pampu haihitajiki.

Mambo ya kuzingatia

1. Jaza tangi kabla ya kuwasha moto, na ulikague mara kwa mara.
2. Usilizibe tangi. Mvuke uliofungiwa hupasua chuma na unaweza kuua.
3. Tangi likikauka, usimwage maji baridi kwenye ncha yenye moto. Zima feni, ondoa makaa, subiri ipoe.
4. Ondoa tope na ukoko wa chumvi, kwani huzuia maji kuipoza ncha.

Tujadiliane

Someni Isaya 44:12. Mhunzi yule anaishiwa nguvu kwa njaa na kiu. Katika karakana yenu, nani huangalia maji ya tangi? Na nani huangalia hali ya wafanyakazi?