Roose, siyo Rouse

Wenzangu mnaocheza mpira jioni mnajua: kipa akishika mpira nje ya boksi la kumi na nane, ni filimbi. Haikuwa hivyo siku zote. Hadi 1912 kipa aliruhusiwa kuushika mpira popote ndani ya nusu yake ya uwanja. Alichokatazwa ni kuubeba: hatua mbili, basi, auachie.

Makipa wengi walibaki golini tu. Nani atoke, wakati mshambuliaji anaruhusiwa kukugonga kwa bega hadi chini? Aliyetoka ni Leigh Richmond Roose, mtu wa Wales, aliyezaliwa 1877 kijijini Holt. Jamaa alikuwa anaudundisha mpira kama mcheza kikapu hadi karibu na mstari wa kati, ndipo anaurusha mbele. Sheria haikumkataza, na alikuwa pande la mtu. Alidakia Stoke, Everton na Sunderland, pamoja na mechi 24 za timu ya taifa. Wenzake walikuwa wanalipwa mshahara. Yeye kwenye karatasi alikuwa mchezaji wa ridhaa, anarudishiwa gharama tu (na gharama zenyewe, wanasema, hazikuwa ndogo). Mwaka 1912 sheria ikabanwa: mikono ndani ya eneo la penalti peke yake. Wengi humtaja Roose kuwa ndiye chanzo.

Vita vilipoanza 1914 alikuwa na miaka 36. Alianza katika jeshi la tiba, kisha 1916 akawa askari wa kawaida katika batalioni ya 9 ya Royal Fusiliers, Ufaransa. Huko Wajerumani waliwashambulia kwa mitambo ya kurusha moto. Nguo zake ziliungua, moshi ukamkaba, akakataa kwenda kutibiwa. Akaendelea kurusha mabomu ya mkono mpaka mkono ukachoka, halafu akashika bunduki. Alitunukiwa nishani ya Military Medal. Tarehe 7 Oktoba 1916 aliuawa kwenye mapigano ya Somme, na mwili wake haukupatikana.

Sasa sikilizeni hili. Jeshini jina lake liliandikwa Rouse. Herufi moja tu. Na ndivyo lilivyochongwa kwenye mnara wa Thiepval, kati ya majina zaidi ya 72,000. Aliyemtafuta Roose, kipa maarufu, alipekua orodha asimwone.

Mimi nilisoma habari hii nikiwa field, nikaona aibu. Wiki ya kwanza nilinakili daftari la mahudhurio haraka haraka, na kwa mwanafunzi mmoja nikaweka "r" penye "l". Nikimwita, kimya. Wiki mbili nimemwekea alama ya utoro na yupo dawati la tatu! Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, hilo siyo langu."

Roose angalau aliandikwa. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao Kariakoo yetu imerithi jina lao, walikufa katika vita hivyo hivyo na wengi hawakuandikwa kabisa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza Thiepval, iliomba radhi kwa kutowakumbuka Waafrika na wengine kama wenzao wa Ulaya.

Jumatatu iliyofuata nilimpa kila mwanafunzi chaki aandike jina lake ubaoni mwenyewe. Kipindi kizima kikaisha hapo. Mwalimu wangu msimamizi hakufurahi, maana andalio la somo lilisema kitu kingine.