Nyaya Zikibanana Hupata Moto: Kupima Mfereji wa Stima Kwenye Safu ya Maduka

Kando ya barabara za Busia na Malaba, vyumba vya biashara hujengwa kwa safu: kinyozi, fundi wa nguo, wakala wa M-Pesa, mkahawa. Mara nyingi safu nzima hupata stima kutoka sehemu moja yenye mita. Nyaya za vyumba vyote hupitishwa ndani ya mfereji mmoja wa plastiki uliopigiliwa ukutani chini ya mabati, ule ambao mafundi huuita trankingi. Mwenye nyumba akiongeza vyumba, nyaya mpya husukumwa humo humo. Kifuniko kikifunga, watu huona kazi imekwisha.

Hapo ndipo hatari huanzia. Kifuniko kufunga si ushahidi kwamba nyaya ziko salama.

Waya unaopitisha umeme hutoa joto, na joto hilo linahitaji hewa ili litoke. Ganda la kawaida la plastiki ya PVC limetengenezwa kuhimili hadi nyuzijoto 70. Nyaya zikibanana, kila moja huipasha nyingine. Ganda huzeeka, hukauka na kupasuka, na moto unaweza kuanza ndani ya mfereji bila mtu kuona chochote.

Kipimo cha kwanza: nafasi

Mafundi wengi nchini hufundishwa kwa kanuni za Uingereza ziitwazo BS 7671. Mwongozo wake unasema nyaya zisijaze zaidi ya asilimia 45 ya nafasi iliyo ndani ya mfereji.

Chukua mfereji mdogo wa milimita 25 kwa 16. Ukipimwa kwa ndani, unaweza kuwa na milimita 22 kwa 13, yaani milimita mraba 286. Asilimia 45 ya hizo ni 128.7. Waya mmoja wa 2.5, pamoja na ganda lake, huchukua takriban milimita mraba 12.6. Kila chumba kina nyaya tatu: wa moto, wa nyutro na wa ardhi. Kwa hiyo chumba kimoja huchukua 37.8.

Vyumba vitatu huchukua 113.4, na mfereji unatosha. Vyumba vinne huchukua 151.2, na kikomo kimepitwa. Vyumba vitano huchukua 189, karibu theluthi mbili ya nafasi yote. Hata hivyo kifuniko bado kitafunga.

Kipimo cha pili: joto

Waya wa 2.5 ulio peke yake na mwenzake ndani ya mfereji, mahali penye nyuzijoto 30, unaweza kubeba ampea 24. Laini za vyumba vitatu zikipita pamoja, kiasi hicho huzidishwa kwa 0.70. Zikiwa tano, huzidishwa kwa 0.60. Chini ya mabati joto likifika nyuzi 40, huzidishwa tena kwa 0.87.

Kwa vyumba vitatu, kila laini inabaki na uwezo wa ampea 14.6. Kwa vyumba vitano, inabaki na ampea 12.5 tu.

Sasa fundi wa nguo awashe pasi ya wati 1,200 na birika la umeme la wati 2,000 kwa pamoja. Kwa stima ya volti 240, hizo ni ampea 13.3. Safu ilipokuwa na vyumba vitatu, waya wake uliweza. Baada ya vyumba viwili kuongezwa, na majirani nao wakitumia stima kwa wingi, waya ule ule umezidiwa. Yeye mwenyewe hakubadilisha chochote. Breka ya ampea 20 iliyo ukutani haitajikata, kwa sababu kwake ampea 13.3 ni mzigo mdogo.

Suluhisho

Kununua mfereji mpana peke yake hakutoshi, kwa kuwa laini tano bado zinapashana joto. Kwa safu hii ya vyumba vitano, fundi anaweza kutumia waya wa 4, ambao hubeba ampea 32 ukiwa peke yake na mwenzake. Baada ya kupunguza kwa hesabu ile ile, unabaki na ampea 16.7, hivyo breka ya ampea 16 inaulinda. Nyaya 15 za aina hiyo huchukua takriban milimita mraba 249. Mfereji wa 40 kwa 25, wenye nafasi ya ndani ya 37 kwa 22, unaruhusu 366. Zinaingia, na nafasi inabaki.

Njia nyingine ni kuweka mifereji miwili iliyoachana, ili laini zigawanywe.

Wakazi wanashauriwa:

• Kabla ya kuongeza chumba, mwenye nyumba amwombe fundi aandike hesabu zote mbili, ya nafasi na ya joto.
• Fundi awe na leseni ya EPRA, na aionyeshe kabla ya kuanza kazi.
• Waya na breka ziwe na alama ya ubora ya KEBS.
• Breka inayojikata mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi. Itafutwe sababu.
• Mfereji ukiwa na joto unapoguswa kwa nje, soketi ikigeuka rangi, au harufu ya plastiki iliyoungua ikisikika, swichi kuu izimwe na fundi aitwe.
• Moto wa stima usimwagiwe maji. Stima ikatwe ikiwezekana, watu watoke nje, na msaada uitwe kwa 999 au 112.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la serikali ya kaunti. Lakini kwenye vyumba vilivyoshikana, moto unaweza kuvuka ukuta kabla gari la zimamoto halijafika. Hesabu ya dakika chache kabla nyaya hazijapitishwa hulinda safu nzima.