Siagi ya Korosho na Juisi ya Mabibo: Ipi Ina Lishe Zaidi?

Msimu wa korosho unapofika mkoani Lindi, kila mkorosho huzaa mazao mawili kwa pamoja. Korosho hukusanywa na kupelekwa ghalani kusubiri mnada. Bibo mara nyingi huachwa lioze chini ya mti. Hivyo kaya yaweza kumaliza msimu ikiwa na fedha mkononi, ilhali watoto wake hawakunufaika na lishe ya shamba lao wenyewe. Somo hili linalinganisha vyakula viwili vitokanavyo na mti huo.

Siagi ya korosho

Gramu 100 za siagi hii zina takribani kilokalori 590, protini gramu 18 na mafuta gramu 49. Zimo pia miligramu 5 hivi za madini ya chuma na kiasi kama hicho cha zinki. Ni chakula cha kujenga mwili na kutia nguvu, lakini vitamini C karibu haimo kabisa.

Juisi ya mabibo

Sehemu kubwa ya juisi ni maji na sukari. Protini haifiki gramu 1 katika mililita 100, na mafuta ni kidogo mno. Hata hivyo, kiasi hicho kwa kawaida huwa na vitamini C miligramu 150 au zaidi, wakati juisi ya machungwa huwa na takribani 50. Robo glasi tu yaweza kutosheleza mahitaji ya mtu mzima kwa siku.

Kwa nini vitumike pamoja

Upungufu wa kimoja hufidiwa na kingine. Madini ya chuma yatokanayo na mimea hufyonzwa mwilini kwa shida, na vitamini C katika mlo uleule huurahisisha ufyonzwaji huo. Kwa hiyo, uji wa mahindi au muhogo uliotiwa kijiko cha siagi ya korosho, ukifuatiwa na juisi kidogo, una manufaa kuliko kimoja peke yake. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Mlo huo hauchukui nafasi yake.

Maandalizi na tahadhari

Korosho zilizobanguliwa hukaangwa kidogo, kisha hutwangwa hadi zitoe mafuta na kulainika. Zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa zaweza kuwa na sumukuvu. Korosho ghafi isipasuliwe kwa meno, maana mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

Mabibo yaoshwe na kukamuliwa siku yaliyookotwa. Ukakasi hupungua juisi ikichanganywa na maji ya wali, ikaachwa itulie kisha ikachujwa. Inywewe siku hiyohiyo. Ikilala huanza kuchacha na kuelekea kuwa uraka, ambao si kinywaji cha mtoto.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo siagi ichanganywe vizuri kwenye uji, ikianza kwa kiasi kidogo. Juisi isubiri hadi atimize mwaka 1.

Kaya ikitenga kilo 5 za korosho ghafi kabla ya kupeleka ghalani, hupata takribani kilo 1 iliyobanguliwa. Ushauri zaidi hutolewa katika zahanati na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka.