Mwaka Ulioandikwa Kwenye Chupa ya Mvinyo

Tarakimu nne zilizo kwenye lebo ya mvinyo hutaja mwaka zabibu zilipovunwa, si mwaka mvinyo ulipotiwa chupani wala ulipouzwa. Katika Umoja wa Ulaya, angalau asilimia 85 ya zabibu lazima ziwe za mwaka huo. Wanunuzi wengi huusoma mwaka huo kwa imani moja tu: uliokaa sana ndio bora. Imani hiyo inawagharimu watu fedha nyingi, na pa kuipimia ni Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako msimu mmoja haufanani na mwingine.

Bordeaux iko karibu na Bahari ya Atlantiki, na hali yake ya hewa ni ya kigeugeu. Mizabibu huchipua mwishoni mwa Machi au Aprili, huchanua karibu na Juni, na huvunwa Septemba na Oktoba. Jalidi ikishuka usiku mmoja wa Aprili, machipukizi huungua na mavuno ya mwaka mzima hupungua, kama ilivyotokea mwaka 1991 na tena 2017. Mvua na baridi wakati wa maua huzuia matunda kufunga. Mvua ya karibu na mavuno huvimbisha zabibu, huzimua utamu wake na kuleta uozo. Mwaka 2013 ulipata dhiki ya maua na ya uozo pia, na wakulima wengi wakalazimika kuvuna zabibu ambazo wangependa ziendelee kuiva.

Lakini mavuno haba si lazima yawe mabaya. Mwaka 1961 vishada vilivyosalia baada ya jalidi vilikuwa vichache, kiangazi kikavu kikaviivisha vizuri, na mvinyo uliotokana navyo ukawa miongoni mwa inayosifiwa zaidi ya karne ya 20.

Mvinyo mwekundu hustahimili miaka kwa nguvu ya vitu viwili hasa. Cha kwanza ni tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Ndiyo ukakasi unaokausha ulimi, uleule wa chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Cha pili ni uchachu, unaoufanya mvinyo usipooze. Miaka ikipita, tanini na rangi huungana na kutua chini kama mashapo, na ukakasi hulainika. Ndiyo maana 2009 na 2010, miaka miwili mizuri iliyofuatana, si ya kutendewa sawa. Jua la 2009 lilitoa mvinyo mnene na laini, ulioanza kunyweka mapema. Mvinyo wa 2010 ulikuwa na uchachu na tanini nyingi zaidi, na chupa zake bora zilihitaji subira ndefu.

Joto peke yake halitoshi. Mwaka 2003, wa joto kali Ulaya nzima, zabibu nyingi zilipoteza uchachu na mvinyo wake ukazeeka upesi. Hata hivyo Saint-Estèphe, kaskazini mwa Bordeaux, ilipata mvinyo mzuri, kwa kuwa udongo wake wa mfinyanzi ulishika maji. Aina ya zabibu nayo ina neno lake: mwaka 1998 Merlot ya maeneo ya Pomerol na Saint-Émilion iliiva na kuvunwa kabla ya mvua, lakini Cabernet Sauvignon ya upande wa pili wa Bordeaux, ambayo huchelewa, ikanyeshewa. Kwa hiyo ukiambiwa mwaka fulani ulikuwa mzuri, uliza: wapi, na kwa zabibu gani?

Kwingine mwaka wenyewe hauna maana ileile. Dodoma, nchini Tanzania, mizabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja hubeba misimu miwili. Champagne nyingi hazina mwaka kabisa, kwa sababu huchanganywa makusudi kutoka mavuno ya miaka kadhaa. Hiyo si kasoro.

Mvinyo mwingi unaouzwa madukani, hasa mweupe na wa waridi wa bei nafuu, umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Chagua mwaka wa karibuni. Mimi ningenunua chupa ya mwaka hafifu kutoka kwa mtengenezaji makini, niinywe mapema, kuliko kulipia jina la mwaka mashuhuri lililobandikwa kwenye mvinyo wa kizembe.

Kuhifadhi kunahitaji nyuzi 12 hadi 14 hivi za Selsiasi, giza na utulivu, chupa ikilazwa ili kizibo cha gome kisikauke. Chupa ya 2010 iliyosimama miaka kadhaa rafuni katika joto la Dar es Salaam au Mombasa haina tena sifa za mwaka wake, hata lebo ing'ae vipi. Kabla ya kulipa, tazama kama kizibo kimesukumwa juu, kama shingo ina alama za kuvuja, au kama mvinyo umeshuka mno shingoni. Ukiona mojawapo, iache. Na kama nyumbani huna mahali pa baridi isiyobadilika, nunua chupa ya kunywa mwezi huu.