Bwana wa Zamani Akiita, Usiitike

Somo la wiki. Andiko la msingi: Warumi 6:1-14. Soma pia Warumi 8:12, Tito 2:11-12 na Yakobo 5:16.



Jumapili iliyopita baada ya ibada, kijana mmoja wa kanisa letu alinivuta kando tukiwa tunapanga viti. Amenipa ruhusa niandike haya bila kutaja jina lake. Aliniuliza hivi: "Pasta, nimeokoka miaka minne sasa. Mbona bado nabeti? Ama sikuokoka?"

Sikumjibu kwa haraka. Nilimwambia, "Keti kwanza nikuambie yangu." Na wewe msomaji nakuambia pia, kwa sababu naona swali lake si lake peke yake.

Nilipomaliza chuo kikuu nilikuwa na digrii ya biashara na sina kazi. Nilikuwa nimeokoka, naimba kwenye kikundi cha sifa. Mama yangu anauza nguo za mitumba Toi Market. Siku moja alinitumia shilingi 9,000 kwa simu, niende nilipe karo ya dadangu mdogo Jumatatu asubuhi. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jioni kulikuwa na mechi. Nikajiambia nitaweka mia tano tu, nipate nauli. Mia tano ikaenda. Nikaweka elfu moja ili nirudishe ile mia tano. Kufikia saa sita usiku karo yote ilikuwa imeisha, na Fuliza juu yake.

Kesho yake niliimba kanisani kama kawaida.

Dadangu alikaa nyumbani wiki mbili. Nilimwambia mama kwamba shule ilikuwa na shida na rekodi zao. Yaani dhambi moja iliita nyingine, na ile ya pili ikasingizia watu wasio na hatia.

Sasa sikiza. Mimi nilikuwa nimesomea hesabu. Nilijua kabisa kwamba kampuni ya kamari inapanga malipo yake ili faida ibaki kwake siku zote. Hakuna mtu anafungua biashara ili akulipe wewe kodi ya nyumba. Nilijua, na bado nikabonyeza. Kwa hivyo usidhani mtu anatoka kwa dhambi kwa kupata maarifa tu. Na tena nilikwenda mbele kuombewa mara tatu. Niliwekewa mikono, nikaanguka, nikainuka nikilia. Jumatatu ile programu ya kubeti ilikuwa bado kwa simu yangu. Sipingi maombezi, Mungu anafungua watu kweli. Lakini mimi nilitaka Mungu aondoe hamu, nami nibaki na simu vile ilivyo.

KILICHOTENDEKA RABAI

Paulo katika Warumi 6 anasema jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Hasemi kwamba dhambi imekufa. Anasema sisi ndio tuliokufa kwa habari ya dhambi, pamoja na Kristo, na kwa hivyo dhambi haina tena ubwana juu yetu, kwa kuwa hatuko chini ya sheria, tuko chini ya neema. Dhambi ipo, na inaongea. Kilichokwisha ni mamlaka yake.

Nchi yetu ina historia inayotusaidia kuona hili. Kule Pwani, karne ya 19, watumwa waliotoroka mashamba ya mabwana zao waliitwa watoro. Wengi walikimbilia vituo vya misheni kama Rabai, nyuma ya Mombasa. Waliishi pale, wakalima, wengine wakaamini. Lakini kwa sheria ya wakati huo walikuwa bado mali ya mtu. Bwana angeweza kuja kudai mtumwa wake, na mabwana walidai kweli, kwa vitisho.

Mwisho wa mwaka 1888 George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifanya mapatano na wale mabwana: walipwe fidia, nao waachilie madai yao. Pesa zilitolewa na wengine, si na mtoro aliyekuwa amejificha. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro walianza kupewa hati za uhuru. Waliofunguliwa hapo na katika vituo vingine vya misheni walikuwa kama watu 1,400. Kumbuka kwamba hali ya utumwa yenyewe ilikuja kufutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Kwa hivyo hawa walipewa uhuru wakiwa bado wanaishi kati ya mabwana na watumwa.

Fikiria mmoja wao wiki iliyofuata. Anatembea njiani, mara anakutana na bwana wake wa zamani. Sauti ni ile ile. Anaitwa kwa jina lake: "Wewe, kuja hapa!" Mwili unashtuka. Miguu inataka kwenda, kwa sababu imezoea miaka ishirini. Je, kule kushtuka kunamaanisha bado ni mtumwa? Hapana. Hati iko. Fidia imelipwa. Bwana anaweza kupiga kelele mpaka jioni, lakini hana haki. Ila jamaa huyu akiitika, akaenda, akashika jembe, atalima siku nzima akiwa mtu huru. Atachoka kama mtumwa, na hati iko mfukoni.

Hivyo ndivyo nilivyoishi mimi. Na ndilo jibu nililompa yule kijana. Kuitwa si kumilikiwa. Hamu ikija Jumamosi jioni, hiyo si ushahidi kwamba hukuokoka. Ni bwana wa zamani anaita. Swali ni moja: utaitika?

MAMBO MATATU YA KUFANYA

1. Jihesabu.

Paulo anatuambia tujihesabu kuwa wafu kwa dhambi na hai kwa Mungu (Warumi 6:11). Neno alilotumia kwa Kigiriki lilitumika pia kwa mambo ya hesabu za pesa, kuandika kitu kwenye daftari. Mhasibu haandiki anavyojisikia, anaandika kilichotendeka. Siku nyingine utaamka hujisikii huru hata kidogo. Usiandike hisia. Andika kilichotendeka msalabani: deni limelipwa. Warumi 8:12 inatuambia kwamba mwili hautudai chochote. Mtu aliyemaliza deni, mdai wake wa zamani akipiga simu, hamwambii "nitajaribu nikulipe kidogo". Anamwambia hakuna deni.

2. Angalia viungo vyako vinafanya kazi ya nani.

Aya ya 13 inakataza tusiitolee dhambi viungo vyetu, bali tumpe Mungu. Paulo hakusema "moyo" peke yake. Alisema viungo: mkono, jicho, ulimi, mguu. Kwangu kiungo kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kwako pengine ni ulimi, unamwaga siri ya mwenzako hapo kwa bomba la maji. Pengine ni jicho usiku, mwanga wa simu chini ya blanketi. Pengine ni mkono unaopima unga kwa gorogoro iliyobonyezwa chini, ili mteja alipe kilo mbili na apate pungufu. Ama ni mguu unaojua njia ya kwenda kwa pombe hata gizani. Ama ni sauti yako mlangoni, watoto wakikusikia wananyamaza.

Kwa hivyo usiombe tu, "Bwana, nisaidie." Chukua hatua kwa kile kiungo. Itupe hiyo gorogoro leo, ununue ingine nzima. Futa ile programu. Pitia njia ingine ukitoka kazini. Simu ilale mezani, si kitandani. Siku ya mshahara, kodi ya nyumba ilipwe kabla hujafika stejini Ayany, ama pesa zipitie kwa mke. Watu wengine watasema hiyo ni kukosa imani. Mimi nasema huyo ni mtu huru anayepita mbali na shamba la bwana wake wa zamani.

3. Toka gizani.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza miaka ya 1930 kule Rwanda na Uganda ukafika hapa Kenya, wazee wetu walijulikana kwa jambo moja: kutembea katika nuru. Mtu akiokoka alikiri mbele ya ndugu, na kama aliiba alirudisha. Aliyechukua mali ya mwajiri aliirudisha. Zakayo alifanya hivyo katika Luka 19, na Yesu hakumwambia aache. Sisi siku hizi tunapenda sana kushuhudia vile tulibarikiwa. Kushuhudia vile tuliiba, hapo tunanyamaza.

Mimi nilitoka gizani miezi mitatu baada ya ile Jumamosi. Nilimwambia mama jikoni, akiwa anachagua ndengu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Pesa utalipa. Lakini karo ya mtoto haitapitia kwako tena mpaka nikuone." Iliniuma. Nilikuwa nimetarajia anikumbatie, aseme yameisha. Kumbe alinisaidia. Nilipata kibarua, nikamlipa 1,500 kila mwezi kwa miezi sita. Pia nilimtafuta mzee mmoja wa kanisa, nikamwomba aniulize swali moja kila Jumapili: "Umebeti wiki hii?" Aliniuliza karibu mwaka mzima. Mara mbili ilibidi nimwambie ndiyo. Alinipa 1 Yohana 1:9, tukaomba, na Jumapili iliyofuata akaniuliza tena. Msamaha wa Mungu niliupata siku ile ile. Imani ya mama ilirudi polepole, na hiyo ni haki yake.

Na hapa niseme neno kwa anayeanguka na kuinuka. Kuna anayesema, "Kama niko chini ya neema, basi hata nikianguka si Mungu atasamehe?" Paulo alikutana na huyo mtu, ndiyo maana sura ya 6 inaanza kwa kumkatalia. Neema si leseni. Tito 2 inasema neema ni mwalimu, inatufundisha kukataa ubaya. Lakini kuna mwingine, anaanguka mara moja na kuamua yote yameisha, anaacha kanisa kwa aibu. Wewe ndiye namtafuta kwa somo hili. Kama uliitika juzi, weka jembe chini urudi nyumbani. Hakuna mahali imeandikwa kwamba hati yako ilichanwa.

Yule kijana na mimi tulifuta programu pamoja palepale kwenye viti. Leo ni zamu yangu kuuliza. Ananijua nitampata langoni.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni saa ngapi na mahali gani ambapo bwana wako wa zamani hukuita zaidi?

2. Ni kiungo gani, au kifaa gani cha nyumbani ama cha kazi, kinachohitaji kubadilishwa wiki hii?

3. Je, kuna mtu unayepaswa kumrudishia kitu, au kumwambia ukweli? Utaenda lini? Taja siku.

4. Nani amekubali kukuuliza kila wiki? Kama hakuna, usitoke kwa kikundi leo kabla hujampata.

Tuombe: Bwana Yesu, ulilipa, nami ni wako. Nakupa mikono hii, macho haya, ulimi huu na simu hii. Nikisikia sauti ya zamani, nikumbushe mimi ni wa nani. Nipe ujasiri wa kumwambia ukweli yule niliyemkosea. Amina.