Mtungi, Picha na Jiko

Tazameni mtungi wa maji uliomo nyumbani mwenu. Shingo yake ni nyembamba, tumbo lake ni pana, na chini ni mviringo. Je, mwajua sababu? Mfinyanzi hakubahatisha. Shingo imefanywa nyembamba ili maji yasimwagike njiani mchukuzi apandapo kutoka mtoni, tena vumbi lisiingie upesi. Chini ni mviringo ili mtungi ukae vema juu ya ngata. Na udongo uliochomwa una vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo, hukaushwa na upepo, na katika kukauka huko huondoa joto. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi hata mwezi wa Oktoba, jua liwakapo sana hapa kwetu Songea.

Hata baada ya kuyafikiri hayo yote, mfinyanzi huchukua kijiti akachora mistari begani mwa mtungi. Mistari hiyo haipozi maji, wala haizuii vumbi. Basi ni ya nini?

Ni ya macho. Mwanadamu hatosheki na kitu kimfaacho tu. Hutaka pia kimpendeze, kwa kuwa atakitazama asubuhi na jioni miaka mingi. Lakini wako watu, nao si wachache hapa Mpitimbi, wasemao kwamba ustadi wa namna hiyo ulikuwa wa wazee, nao umekwisha; kwamba siku hizi kila kitu kizuri hutoka dukani, na kila kitu kipya hutoka ng'ambo. Mimi sikubali. Nitawaeleza habari za vitu viwili vilivyobuniwa na watu wa nchi hizi baada ya uhuru, kisha mtahukumu wenyewe.

Cha kwanza ni picha. Ukishika njia ya mashariki kutoka Songea mjini, ukapita Namtumbo, ukaenda kama kilometa 260, utafika Tunduru, katika mkoa wetu huu huu wa Ruvuma. Katika wilaya hiyo alizaliwa, mwaka 1932, mtu aitwaye Edward Saidi Tingatinga. Alipokuwa kijana aliondoka kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akafika Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani. Hapakuwa na shule ya uchoraji aliyoingia.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi zile za wachoraji, maana vitu hivyo ni vya bei kubwa. Akatazama vilivyokuwa karibu naye. Akachukua vipande vya mbao laini, zile nyembamba ambazo mafundi hupigilia darini, kila kipande kama sentimeta 60 kwa 60. Akanunua na rangi ya mafuta ing'aayo, ile ile ipakwayo baiskeli. Juu ya vipande hivyo alichora chui, tembo, ndege na mti. Mara nyingi mnyama mmoja tu, mkubwa, aliyejaza ubao wote, na mwili wake umetiwa madoadoa.

Angalieni sasa jinsi vifaa vilivyomfundisha kazi. Rangi ya baiskeli haikauki upesi. Ukipaka nyekundu juu ya manjano iliyo mbichi, zote mbili zitachanganyika na kuharibika. Kwa hiyo ilimpasa kupaka kwanza rangi moja ya nyuma, akangoja. Kisha kumpaka mnyama, akangoja tena. Mwisho kutia madoa na mistari. Ndiyo sababu picha hizo zina rangi safi, kila moja imekaa mahali pake, na mipaka yake ni dhahiri. Tena rangi hiyo ikikauka huwa ngumu na ya kung'aa, haiogopi maji wala kitambaa cha kufutia. Umaskini wa vifaa ulizaa namna mpya ya kuchora. Wageni wengi waliziona picha hizo zikiuzwa Oyster Bay, karibu na maduka ya Morogoro Stores, wakazinunua kwa furaha.

Kazi hiyo aliifanya miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakiwafukuza wahalifu usiku walimdhania kuwa mmoja wao, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini.

Lakini alikuwa amekwisha wafundisha jamaa na rafiki zake kadha wa kadha, na hao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika cha wachoraji chenye jina lake. Leo hata sinia, viti, masanduku na milango hupakwa kwa mtindo huo, na sinia hiyo huoshwa kama sinia nyingine. Wengine huwalaumu wachoraji hawa kwamba waiga tu. Ni kweli, nimeona twiga wengi waliofanana mno, kana kwamba wamezaliwa na mama mmoja. Hata hivyo wapo waliotoka katika kuiga wakachora sokoni, hospitalini, arusini na katika mabasi yaliyojaa watu, mambo ambayo mwalimu wao hakuyachora katika picha zake za wanyama. Kila fundi huanza kwa kufuata mkono wa mwingine. Anayelaumiwa kwa haki ni yule anayekaa hapo hapo mpaka uzee.

Vitu vingine vidogo nitavitaja kwa haraka. Viatu vya katambuga vyakatwa katika tairi lililochakaa, navyo huishi kuliko viatu vingi vya dukani. Kibatari hutengenezwa kwa kopo tupu na utambi. Kilituangazia siku nyingi, ingawa moshi wake ni mbaya, nami sisikitiki kuona taa za jua zikikifukuza.

Cha pili ni jiko la mkaa. Zamani jiko la mkaa lilikuwa la bati tupu. Bati hupitisha joto upesi. Basi moto mwingi ulitoka ubavuni ukawaunguza wapishi miguu badala ya kuivisha chakula, na mkaa uliisha kabla maharage hayajalainika. Katika miaka ya 1980 watu wa Kenya walipata wazo kutoka Thailand, ambako watu hupikia jiko la udongo lililomo ndani ya ndoo. Wakenya hawakuliiga lilivyo. Walilibana kiunoni. Nusu ya juu ikatiwa bakuli la udongo uliochomwa, lenye vitundu vya kudondoshea majivu. Nusu ya chini ikaachwa bati tupu, yenye kimlango cha hewa.

Kiuno hicho si urembo, ingawa chapendeza. Kwanza hulizuia bakuli la udongo lisiteremke. Pili, chini hupanuka tena, hata jiko halipinduki upesi mpishi akorogapo. Udongo hushika joto na kulirudisha kwenye chungu, na mkaa utumikao hupungua kwa theluthi moja, na pengine hata nusu. Kwa mama wa mjini anunuaye mkaa kwa kopo, hiyo ni fedha ya daftari za watoto.

Lakini hapa Mpitimbi wengi wetu twapikia kuni, juu ya mafiga matatu, na jiko la mkaa halitusaidii sana. Moshi wajaza jiko, macho ya mama zetu yawa mekundu, na wasichana waacha masomo ya jioni ili wakatafute kuni. Katika vijiji vingi vya Tanzania watu hujenga majiko ya kuni kwa udongo, yenye mlango mmoja wa kutilia kuni na matundu ya vyungu juu yake. Si yote yanayofaa kila mahali. Jiko lililojengwa kwa ajili ya mtu apikaye wali kidogo litabomoka likikutana na mwiko wa mtu akorogaye ugali wa watu kumi. Atakayetujengea jiko letu hana budi kwanza kukaa jikoni, atazame upana wa vyungu vyetu, urefu wa kuni zetu, na mahali akaapo mpishi.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya mtungini huwa baridi?

2. Rangi ya baiskeli ilimlazimisha Tingatinga kufanya kazi kwa namna gani?

3. Chora jiko la mkaa lenye kiuno. Onyesha bakuli la udongo, vitundu, na mlango wa hewa.

4. Pima chungu kikubwa kuliko vyote nyumbani kwenu na kuni tatu zilizopo jikoni. Mwulize mpishi ni jambo gani limsumbualo zaidi katika mafiga yake. Andika majibu yake, uyalete darasani.